Kabla ya kuuliza kodi, tupande ngazi kwanza

Alhamisi moja, baada ya sala ya Alasiri, jirani yetu wa ghorofa ya tano alifariki dunia. Alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, mtu wa safu ya kwanza msikitini mpaka magoti yalipomkatalia kushuka. Tukasema anayoyasema Muislamu anapofikwa na msiba, vijana wakaenda msikitini kuleta jeneza, na kina mama wakaanza kupanda ngazi kwenda kumshika mkono mjane.

Jengo lile halina lifti. Jeneza lilipanda vyema hadi ghorofa ya kwanza, na pale ngazi zinapopinda kuelekea ya pili, likakwama. Wakaliinua juu ya vichwa, wakalilaza ubavu, wakalisimamisha wima, halikupita. Baada ya robo saa ya kuhangaika likarudishwa chini, na maiti akateremshwa akiwa amefungwa ndani ya mkeka na shuka mbili, mikononi mwa vijana sita waliokuwa wakishuka kinyumenyume, huku mjane wake akichungulia kutoka juu na akiombwa na wenzake arudi ndani. Hapakuwa na uani wa kumwoshea. Aliogeshwa msikitini, akakafiniwa huko, na wanawe wa kike wakamuaga katika chumba cha madrasa kwenye madawati ya watoto.

Usiku ule mama yetu mzazi, tunayeishi naye, alituita chumbani kwake. Sisi tulikuwa ghorofa ya nne. Akasema, "Wanangu, Magomeni nilitoka kwa miguu yangu. Hapa sitaki kutolewa ndani ya shuka." Hakuongeza neno.

Tunaliandika hili katika ukurasa wa familia kwa sababu tulipokuwa tukitafuta nyumba ile tulijiona kuwa watu makini kupita kiasi. Tuliuliza kodi, tukauliza maji, tukauliza umeme, tukapekua makabati ya jikoni, tukafungua na kufunga kila bomba. Ngazi tulizipanda, lakini hatukuzitazama. Tulikuwa na miguu mizima, na mwenye miguu mizima huona ngazi kuwa ni njia tu ya kufikia mlango.

Tulikotoka

Msomaji aliyekulia Kariakoo, Ilala au Magomeni anaijua nyumba ya Kiswahili bila ya kuchorewa. Mbele kuna baraza. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu uliopita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa ukumbi kuna mlango unaotokea uani, kwenye jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia. Nyumba hii ilijengwa na watu waliojua kwamba mgeni wa kiume ataishia barazani, kwamba wanawake watakuwa uani na mambo yao, na kwamba siku ya harusi au ya msiba watu wengi watakuja kwa mpigo. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, hata shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti.

Wazee wetu walipoijenga, aghalabu nyumba nzima ilikuwa ya ukoo mmoja. Sisi tulipoikuta, kila chumba kilikuwa na familia yake. Choo kimoja kikitumiwa na watu ishirini, binti wa miaka kumi na tatu anapokezana bafu na vijana wasio maharimu zake, na ukumbi ule uliowekwa kwa ajili ya stara umegeuka barabara. Ndipo tukaanza kutamani fleti yenye choo ndani na mlango mmoja unaoufunga wewe mwenyewe. Tamaa ile haikuwa ya anasa. Tulikuwa tunatafuta stara, na tunaamini familia nyingi za Kiislamu zinazokimbilia ghorofani zinatafuta hiyo hiyo.

Qur'ani Tukufu imezungumza juu ya nyumba mara nyingi. Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu anazihesabu nyumba zetu miongoni mwa neema alizotujaalia, kuwa ni mahali pa utulivu. Katika Suratun-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi basi turudi. Makusudio ya adabu hiyo ni kulinda macho. Ni ajabu basi kwamba tunapokwenda kukagua nyumba hatujiulizi macho ya nani yataingia ndani bila ya kubisha hodi.

Katika fleti ile ya ghorofa ya nne dirisha la sebule lilitazamana na dirisha la jengo la pili kwa umbali ambao tungeweza kupeana chumvi. Tulipokwenda kukagua ilikuwa saa nne asubuhi, jirani hayupo na pazia lake limeshushwa, tukasifu mwanga. Tulipohamia tukagundua kwamba jirani ni kundi la vijana wanaorudi jioni na kukaa dirishani kupunga upepo, na hawana kosa, kwani dirisha ni lao. Miaka miwili tuliishi na mapazia yaliyofungwa katika mji wa joto kama Dar es Salaam, taa zikiwaka mchana. Binti zetu walizoea kuvaa mitandio ndani ya nyumba yao wenyewe.

Tunachowaomba wasomaji ni hiki: nyumba ikaguliwe mara mbili, mchana mara moja na mara nyingine baada ya Isha. Usiku ndipo utakapojua kama kile kibanda cha jirani kilichofungwa mchana ni duka la vyakula au ni baa yenye spika. Usiku ndipo utakapoona iwapo taa za ngazini zinawaka, maana mke na mabinti watapita hapo. Tena aende mama wa nyumba, asiende baba peke yake. Wanaume tunatazama mlango wa mbele na mahali pa kuegesha pikipiki, na yeye anatazama kamba ya kuanikia iko upande gani, na ni nani atakayeziona nguo za ndani za binti zake zikipepea.

Kibla, jua na upepo

Watu wengi wakiingia katika nyumba mpya hutoa simu kutafuta kibla. Kwa mkazi wa Dar es Salaam jambo hili ni jepesi, kwani mji huu na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, digrii 39 na ushei, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, na mkengeuko wake kuelekea mashariki ni mdogo mno. Ukishasimama kuelekea kibla, basi magharibi iko mkono wako wa kushoto. Ukuta wa kushoto ndio utakaopigwa na jua la alasiri. Chumba cha kulala kilichojengwa upande huo bila ya kivuli cha mti au cha jengo jingine kitahifadhi moto ule hadi usiku wa manane, na mtoto mchanga hatalala. Nyuma yako na kulia kwako ndiko unakotoka upepo wa kusi, ambao huwapoza watu wa pwani katika miezi ya katikati ya mwaka. Nyumba isiyokuwa na dirisha hata moja upande huo italipiwa umeme wa feni.

Limetufikia swali zaidi ya mara moja kuhusu choo kinachoelekea kibla. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kukielekea kibla au kukipa mgongo wakati wa haja, na hadithi hiyo ni sahihi. Wanachuoni wamekhitalifiana iwapo katazo hilo linahusu uwanja wa wazi tu au na ndani ya majengo pia. Madhehebu yetu ya Shafi'i yanaona kuwa ndani ya kuta kuna wepesi. Basi ukipata nyumba ambayo choo chake hakielekei huko, ni bora. Usipoipata, usiikimbie nyumba yenye stara kwa sababu ya choo alichokijenga mtu mwingine.

Maji tutayapitia kwa haraka, kwa kuwa kila mpangaji wa mji huu ni mtaalamu wake. Ulizeni kama mita ni yenu peke yenu, kama pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu inatumia luku ya nani, na maji yakikatika siku tatu tangi linatosha kaya ngapi. Jambo moja tu tuliongeze: tazameni nyumba wakati wa masika, au msipoweza, tazameni kuta. Mstari wa unyevu unaozunguka chumba kwa kimo kimoja ni alama ya maji yaliyoingia ndani. Rangi mpya iliyopakwa chini tu, hadi usawa wa goti, nayo ni habari. Walioishi bonde la Msimbazi katika mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji kuelezwa.

Nani mwenye nyumba?

Baada ya msiba ule tulianza kutafuta upya, safari hii tukiwa na futikamba. Tulikwenda msikitini tukampata mtunzaji, tukapima urefu na upana wa jeneza pamoja na nafasi ya wabebaji, tukaandika. Dalali wa kwanza alipotuona tunapima mlango na kona ya ukumbi alituuliza, "Shehe, mnapanga nyumba au mnapanga msiba?" Hatukumjibu, tukaendelea kupima.

Madalali hatuwalaumu wote. Wamo waaminifu waliotuambia wazi kwamba jengo fulani lina mgogoro. Lakini ada yao ya kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na wanaipata siku unapolipa wewe, si siku unapokaa kwa raha. Kwa hiyo dalali ana haraka ambayo wewe huna. Wapo pia wanaotoza hela ya kuonyesha nyumba kabla hujaona chochote, na wapo matapeli wanaopokea kodi ya chumba kimoja kutoka kwa watu watatu kisha wakazima simu.

Nyumba ya tatu tuliyoonyeshwa ilikuwa Ilala, nayo ilikuwa na kila tulichokitaka. Ilikuwa ya chini, yenye vyumba vitatu, uani wa pamoja uliozungushiwa ukuta, msikiti kwa hatua za mzee, na mlango ambao futikamba yetu iliukubali. Aliyetupokea ni kijana mpole, akasema nyumba ni yake. Tukamwomba siku mbili. Katika siku hizo tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha tukakaa kidogo na mama mmoja muuza vitumbua mtaani hapo, na kusema kweli yule mama alitusaidia kuliko ofisi. Mwenye nyumba alikuwa ni baba wa kijana, aliyefariki mwaka uliotangulia. Ameacha wajane wawili na watoto saba, wanne kati yao wadogo. Mirathi haijagawanywa, msimamizi hajateuliwa na mahakama, na kodi yote inaingia katika mfuko wa yule mkubwa.

Tulirudi kwake tukamuuliza kwa upole. Akasema, "Mimi ndiye mkubwa wao." Hapo tulisita sana, na hatutaki kujifanya watakatifu, nyumba ilikuwa nzuri na mama alikuwa ameshaipenda. Lakini mpangaji anayemlipa mrithi mmoja ana hatari mbili mkononi. Ya kidunia ni kwamba warithi wenzake wanaweza kuja na amri ya mahakama, naye ameshalipa miezi sita kwa mtu ambaye hakuwa na mamlaka. Ya pili ni nzito zaidi. Sehemu ya fedha ile ni mali ya mayatima, na tunajua jinsi Suratun-Nisaa ilivyowaonya wanaokula mali hiyo kwa dhulma. Sisi tusingekuwa ndio walaji, lakini tungekuwa tunapakua sahani. Tukamshauri kijana aende Mahakama ya Mwanzo na ndugu zake, wamchague msimamizi na waipate barua, nasi tungengoja mwezi mmoja. Hakuupenda ushauri wetu. Nyumba ilichukuliwa na mwingine wiki ile ile.

Kwa hiyo tunawausia wasomaji: mkionyeshwa nyumba ya marehemu, ombeni kuiona barua ya usimamizi wa mirathi, na fedha mlipe kwa aliyetajwa humo, kwa njia ya benki au simu itakayobakisha kumbukumbu. Haya si kumdhania mtu ubaya, maana aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayotufundisha kuandika na kushuhudisha tunapokopeshana.

Mkataba

Wapangaji wengi tunaufanya mkataba wa nyumba kuwa karatasi ya kununua stationari, tukajaza majina na kiasi. Katika fiqhi upangaji ni ijara, yaani kuuza manufaa kwa muda, na masharti yake ni kwamba manufaa yajulikane, muda ujulikane na malipo yajulikane. Yasiyojulikana ndiyo yanayozaa ugomvi.

Ni nani atakayetengeneza bomba likipasuka ndani ya ukuta? Waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa katika mwambao wetu kwa vizazi vingi, watakumbuka kwamba matengenezo ya nyumba yako juu ya mwenye nyumba, na asipoharakisha kutengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Imamu ameingia hata katika theluji: ile iliyokusanyika juu ya paa kuiondoa ni juu ya mwenye nyumba, na iliyo katika uwanja pamoja na takataka ni juu ya mpangaji. Dar es Salaam hatuna theluji, ila tuna paa linalovuja na uwanja unaojaa majani, na mgao ule unatutosha kabisa. Uandikeni katika mkataba.

Andikeni pia habari ya kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia luku, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayejikuta ameilipa. Yenyewe ni kodi ya mwenye jengo. Kwa mwezi mmoja si fedha nyingi, lakini ni haki, na ni rahisi kukubaliana mwanzoni kwamba itapunguzwa katika kodi ya nyumba kuliko kudaiana mwaka wa tatu. Andikeni na muda wa taarifa ya kuhama, na kiwango cha kupandisha kodi au angalau muda ambao haitapandishwa. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo ngao ya mpangaji kwa sehemu kubwa ni kile alichokiandika mwenyewe.

Kisha kuna suala la miezi sita. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 1,800,000, ongeza 300,000 za dalali, tayari ni milioni mbili na laki moja, na bado hujakodi kirikuu cha kuhamishia vitanda. Ni mfanyakazi gani wa kawaida mwenye fedha hizo zimekaa? Hapo ndipo familia nyingi za Kiislamu, ambazo hazijawahi kugusa riba, zinapoigusa kwa mara ya kwanza. Mume anakwenda kimya kimya kwa wakopeshaji wa "kausha damu", analipa kila siku au kila wiki, na kabla ya miezi sita kwisha deni limeshakula televisheni na cherehani ya mkewe. Tunazijua nyumba ambazo ndoa imevunjika hapo, nyumba zenye vigae vya kung'aa na choo ndani.

Tunasema wazi kwamba nyumba inayopatikana kwa riba haiwafai watu wanaotafuta stara. Pangeni ya vyumba viwili badala ya vitatu. Ongeeni na mwenye nyumba uso kwa uso, si kupitia dalali, mkamwombe miezi mitatu. Wenye nyumba wazee, hasa wanaoishi jirani na nyumba yenyewe, wanakubali mara nyingi kuliko tunavyodhani, maana wao pia wanaogopa mpangaji mkorofi mwenye fedha nyingi. Kuna upatu wa ndugu na majirani. Kuna karadha njema, ambayo tunaisifu sana kwenye mawaidha na kuitoa kwa shida. Na nyinyi ndugu wenye nyumba mnaosoma ukurasa huu, hatuna amri juu ya mali zenu, lakini mnajua wapangaji wenu wanakozitoa fedha za miezi sita.

Jirani kabla ya nyumba

Waarabu wana msemo mashuhuri kwamba jirani hutangulia nyumba, na Mtume (s.a.w.) ameeleza jinsi Jibrili alivyomuusia juu ya jirani mpaka akadhani kuwa atamfanya mrithi. Wengi wetu tunaufahamu wasia huu kwa maana ya kutafuta mtaa wa Waislamu. Ni vyema, na watoto watahitaji madrasa ya kwenda kwa miguu na adhana ya kusikia. Lakini hatuna budi kueleza tulichokiona siku ya msiba ule.

Fleti ya marehemu ilikuwa ndogo na juu mno, kina mama wazee hawakuweza kupanda. Aliyefungua mlango wake ni mama wa ghorofa ya chini, Mkristo, muuguzi, ambaye kwa miaka yote tulikuwa tukipeana naye salamu tu. Alitoa makochi yake nje, akaazima majamvi msikitini, akaficha picha zilizokuwa ukutani bila ya kuambiwa, na kwa siku tatu sebule yake ikawa ndiyo uani wa jengo zima. Jirani mwingine, mwenzetu katika safu za sala, alilalamika kuwa viatu vimejaa mlangoni kwake.

Na sisi tusijisahau kwamba ni majirani wa watu. Ghorofani sakafu yako ni dari ya mwingine. Kinu na mchi tulivyohama navyo kutoka Magomeni tuliviweka jikoni, na kwa wiki mbili tukatwanga, mpaka baba wa ghorofa ya tatu akapanda kutuuliza kwa adabu kama tunajenga. Katika Ramadhani vyombo vya daku husikika chini kama ngoma. Mkaa moshi wake hauna pa kutokea ila ngazini. Mbuzi wa Idi hana pa kuchinjiwa. Hayo yote yafaa kuulizwa kwa mwenye nyumba na kwa majirani kabla ya kuhamia.

Turudi kwa mjane. Kodi ilikuwa imelipwa na mumewe na ilibaki miezi miwili, ilhali eda yake ni miezi minne na siku kumi, na anatakiwa aikae katika nyumba aliyofiwa nayo. Mwenye jengo alituma ujumbe kuuliza kama nyumba itaachwa. Baadhi ya watu wakadhani mkataba umekufa pamoja na mzee. Shekhe wa msikiti akafafanua kwamba kwa jumhuri ya wanachuoni ijara haivunjiki kwa kifo cha mpangaji, na miezi iliyolipiwa ni haki ya warithi wake. Miezi iliyopungua ilichangwa: nusu na wanawe, nusu na jengo, yule muuguzi akiwa wa kwanza kuandika jina. Tangu hapo, katika kila nyumba tuliyokwenda kukagua, tulijiuliza swali ambalo wanandoa vijana wataona si la kheri kuliuliza: ikiwa mmoja wetu atatangulia, aliyebaki ataweza kukaa eda humu? Nani atamletea maji? Atampokea nani, na wapi?

Nyumba tuliyoipata hatimaye iko Temeke. Ni ya chini, vyumba viwili na sebule, vigae vyake vimepasuka na jiko ni la kukaa mtu mmoja akiwa amesimama. Kodi ni kubwa kuliko ya ghorofani kwa nyumba iliyo ndogo kuliko ile. Mwenye nyumba, mama mtu mzima anayeishi nyuma yetu, alikubali miezi mitatu baada ya kutuuliza maswali mengi kuliko tuliyomuuliza sisi. Bomba la bafuni limeshapasuka mara moja, naye akalitengeneza siku ya tano, baada ya kukumbushwa mara tatu. Mwezi ujao mkataba unakwisha, na ameshadokeza kwamba kodi itapanda; hatujui bado kwa kiasi gani, na mama hajaambiwa.

Jumamosi mama huenda mwenyewe kwenye darsa la kina mama, fimbo mkononi. Mjane wa mzee wetu alipotoka eda, ziara yake ya kwanza ilikuwa kwa dada yake Mbagala na ya pili ilikuwa kwetu. Alibisha hodi, na kabla hatujainuka mama alikwishafika mlangoni kumfungulia. Wakakaa barazani, wakiwa na sahani ya tende baina yao, mpaka ikaadhiniwa Magharibi.